Aliyefichwa, Sehemu ya Tisa: "Mmekosea Nyumba"

Tk. Tk. Tk.

Mchi mdogo wa shaba ulikuwa unagonga ndani ya kinu, jikoni, kabla ya adhana ya alfajiri.

Tulimwacha Hamda amesimama ukumbini gizani, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango wa majlisi, chumba cha wageni wanaume, mwengine umeziba mdomo wake. Ndani ya majlisi amelala mwanamume aliyemleta jana kutoka mji wa Sur. Na jikoni kuna mtu anatwanga iliki.

Nyumba ile ya mji wa Ibra ina watu watatu tu asubuhi hii. Hamda, huyu hapa. Mgeni, yule mle ndani. Wa tatu ni mama yake, Bi Amna, na Bi Amna hajasimama kwa miguu yake wiki tatu sasa.

Basi nani anatwanga?

Hamda alikwenda kwa ncha za vidole. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Bi Amna alikuwa amesimama mbele ya meza, kanga imefungwa kifuani, miguu imevimba mpaka vifundo havionekani. Mkono wa kushoto umeshika ukingo wa meza asianguke. Wa kulia unatwanga.

"Mama! Nani kakwambia uinuke?"

"Nyumba ina mgeni," alisema Bi Amna bila kugeuka. "Mgeni hanyweshwi kahawa iliyolala."

Hamda hakuwa amemwambia mama yake kwamba kuna mgeni. Alimwingiza mtu yule jana baada ya Isha, kwa mlango wa wanaume, na mama yake alikuwa amelala. Au alidhani amelala.

Kwa wewe unayelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nikwambie kwa ufupi, maana uchungu wa nyumba hii hauanzi leo.

Bi Amna alizaa watoto watatu: Mahrous, Hamda na Wadhah. Miaka tisa nyuma, Wadhah alikufa kwa ajali ya gari katika njia ya Bidiya. Kaka yake Mahrous alikwenda, akamtambua, akamzika siku ile ile. Mama hakumwona mwanawe. Hata mkono hakuonyeshwa.

Siku ya nne wakaja wanawake wa mtaani na hadithi ya wazee. Katika nchi hii ya Kiarabu wako watu wanaoitwa mughayab, yaani waliofichwa. Mchawi humtamani mtu, humchukua akiwa hai, na mahali pake huacha mfano wake. Watu wakauzika mfano, wakalia, wakarudi majumbani. Mwenyewe yuko mbali anachunga mifugo ya mchawi, hana sauti, hana jina. Siku uchawi ukivunjika hurudi kwao, naye hurudi hajui kusema, kwa sababu maneno ya watu yamemtoka.

Tangu siku ile Bi Amna akawa na neno moja. Mwanangu atarudi, na mimi sitoki katika nyumba hii, asije akagonga nisiwepo.

Hakwenda harusini. Hakwenda Hija. Sasa figo zimechoka, na damu yake inataka kusafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki. Hakwenda hata mara moja. Jumapili iliyopita daktari aliyekuja kumpima nyumbani alimwambia Hamda, "Wiki hii, mwalimu. Wiki ijayo usiniulize."

Na Hamda, mwalimu wa skuli, mwanamke mkweli aliyefika miaka arubaini na mitano hajasema uongo mkubwa, akatafuta uongo.

Aliuona Sur, juu ya ngazi. Fundi wa viyoyozi anatengeneza mashine ya skuli aliyokwenda Hamda kwa mkutano. Mabega ya Wadhah. Masikio ya Wadhah. Hata namna ya kuuma bisbisi kwa meno. Jina lake Hud. Hamda alimlilia pale pale chini ya ngazi: njoo ukae mbele ya mama yangu saa moja tu, usiseme neno, akuone, akubali kupanda gari kwenda hospitali.

Akaja. Ndiyo huyo amelala majlisini.

Sasa twende, maana nje gari imesimama.

*

Mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo. Hamda alilijua lile pigo. Kaka yake Mahrous amefika kutoka Nizwa, anakokaa.

"Mama, kaa kwenye kiti. Nakuomba. Nakuja sasa hivi."

Alikimbia, lakini hakuwahi. Mahrous aliingia kwa mlango wa wanaume kama kawaida yake, akawasha taa ya majlisi.

Ikasikika sauti ya mtu mzima anasoma Ayatul Kursi mbio mbio, maneno yanapandana.

Hamda aliingia. Kaka yake, mkuu wa idara, mtu mwenye watu ishirini chini yake ofisini, alikuwa amejibana ukutani, kofia imeanguka, funguo zimeanguka. Mbele yake Hud ameketi juu ya godoro, nywele zimesimama, anapepesa macho kwa mwanga.

"Nilikuzika," alisema Mahrous. "Kwa mikono hii. Nilikuzika mimi."

"Si yeye, Mahrous."

"Nilikutia mchanga mimi!"

"Mahrous! Si yeye. Ni mtu wa Sur. Anaitwa Hud. Ni fundi."

Mahrous aliteleza ukutani mpaka chini. Alikaa hapo anahema. Hud aliinuka, akaiokota ile kofia, akaipangusa, akampa kwa mikono miwili. Mahrous aliipokea bila kumtazama.

Kisha hasira ikaja. Hofu ikitoka kwa mtu, hasira huingia kwa mlango ule ule.

"Umefanya nini, dada?"

"Nimefanya ambalo wewe hukulifanya."

"Umemkodi mtu aje kuwa maiti wetu?"

"Sikumkodi. Hakutaka kitu. Mama akimwona atapanda gari. Baada ya hapo nitasema kweli, na dhambi iwe yangu."

"Astaghfirullah. Na akiuliza kwa nini hasemi?"

"Aliyefichwa hasemi. Unaijua hadithi."

"Naijua! Naijua, maana imekula miaka tisa ya nyumba hii! Imekula ndoa yako. Wanaume wawili wamekuja kukuposa ukawaambia mama hana wa kumwachia."

"Na nani angebaki naye? Wewe?" Sauti ya Hamda ilikuwa ndogo, lakini ilikata. "Wewe wa Ijumaa kwa Ijumaa, na mfuko wa matufaha, kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa wa jirani?"

"Nina watoto."

"Mimi nina mama. Na hadithi hii uliileta wewe. Ungemwonyesha maiti ya mwanawe, yangekwisha. Ungemwonyesha hata mkono."

Mahrous alifunga macho.

"Hukuuona wewe huo mkono," alisema.

Miaka tisa wote wawili walikuwa hawajafika karibu ya neno hilo.

Hud alikuwa anakunja shuka aliyolalia. Alikunja vizuri, ncha kwa ncha, kama mtu aliyelelewa na watu.

"Nitaondoka," alisema kwa Kiarabu chake cha Sur. "Sikujua kwamba nitaleta ugomvi. Nisameheni."

"Ndiyo, ondoka," alisema Mahrous. "Yalla. Nitakutafutia teksi mwenyewe."

"Mahrous, saa moja tu! Daktari kasema..."

"Sitamdanganya mama yangu kwenye mlango wa kaburi. Khalas."

"Basi utamzika na yeye. Kazi hiyo unaiweza."

Lo! Maneno mengine yakishatoka, mtu hutamani aupate ulimi wa kuyarudisha. Hamda aliziba mdomo. Mahrous aligeuza uso.

Na mlangoni, vikombe viligongana juu ya sinia.

Bi Amna alikuwa amesimama hapo. Alikuwa ametembea mwenyewe, kutoka jikoni, hatua thelathini na zaidi, amebeba dele la kahawa, tende na vijikombe vinne.

Vinne. Aliwahesabu tangu jikoni.

*

Hamda alimtazama Hud kwa macho ya kumsihi. Nyamaza. Usiseme. Kaa tu akuone.

Bi Amna alimwona.

Hakupiga kelele. Hakuita jina la Wadhah. Alimtazama tu, na sinia ikaanza kumlemea.

Hud alikwenda mbio akamtua ile sinia, akaiweka chini. Kisha akainama, akaushika mkono wa yule mama, akaubusu, na akafungua mdomo.

"Shikamoo, mama," alisema kwa Kiswahili. "Nimekuja kukuamkia."

Hamda hakumfundisha hayo! Njia nzima kutoka Sur walizungumza Kiarabu. Fundi wa Sur, mtu wa Sur, Kiswahili cha Unguja kimetoka wapi? Tena si cha kujifunza juzi. Ni kile cha zamani, kile walichokuja nacho kina baba kutoka Unguja, "nimekuja kukuamkia," ambacho hata watoto wa Mahrous hawakijui.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Amna, taratibu. "U mzima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Dada," alisema Mahrous kwa sauti ya chini, "umemfundisha na Kiswahili?"

"Wallahi sikumfundisha."

"Nani kakufundisha wewe maneno hayo?" Mahrous alimgeukia Hud.

Hud alisita. Akarudi kwenye Kiarabu.

"Baba. Nayajua machache tu. Alikuwa akisema mtoto asiyeamkia wakubwa hana kwao."

Kauli hiyo! Hamda na Mahrous walikua nayo. Walipigwa kwa ajili ya kauli hiyo.

"Baba yako nani?"

Hud alimtazama Bi Amna.

Bi Amna alikuwa amekaa chini sasa, mgongo kwenye mto. Alimimina kahawa. Kikombe cha kwanza hakumpa Mahrous, mwanawe mkubwa wa kiume. Alimpa mgeni.

"Kunywa kwanza," alimwambia. Kisha akawageukia watoto wake. "Baba yake ni baba yenu."

*

Wasomaji wangu, mimi ni mtu mzima na nimeziona nyumba nyingi. Kuna ukimya wa watu wasiokuwa na la kusema, na kuna ukimya wa watu wanaokumbuka. Majlisini pale ulikuwa huu wa pili.

Mahrous alikumbuka kwamba baba yao, Amur, alikuwa dereva wa serikali, na kila wiki akilala Sur siku mbili, siku tatu. Kazi, alisema. Njia zinajengwa.

Hamda alikumbuka jambo jengine, na uso wake ukabadilika rangi.

"Miaka kumi na minane nyuma," alisema Bi Amna. "Siku ya pili ya matanga ya baba yenu. Nimekaa na wanawake chumba cha nyuma, nimeanza eda. Akaingia mwanamke simjui, kijana, kamshika mtoto mkono. Anaitwa Rawya. Akaniinamia sikioni asije akanifedhehesha mbele ya watu. Akasema, 'Dada, na mimi ni mke wa Amur. Sina nyumba ya kukalia eda. Nipe kona tu.'"

Alivuta pumzi. Pumzi zilikuwa fupi.

"Nikamtazama mtoto. Ana miaka kumi, kumi na moja. Ni Wadhah mtupu. Nilijua mama yake hajamaliza kusema. Nilijua, mnanisikia? Nikamwambia, 'Mmekosea nyumba. Amur huyu si Amur wenu.'"

"Mama," alisema Hamda.

"Ngoja nimalize, nisije nikakosa ujasiri. Katika nyumba ya matanga hata mpita njia hupewa kahawa na tende. Siku ile dereva wa teksi aliyewaleta alikunywa vikombe vitatu. Wao sikuwapa hata maji."

"Mama, nilikuwa nimebeba sinia mimi," alisema Hamda. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya mikono. "Nilikuwa nawaletea. Ukanifanyia ishara nirudi nayo. Nikarudi nayo. Sikuuliza."

"Hukujua."

"Sikuuliza, mama. Mtoto alikuwa ananyosha mkono kuchukua tende."

Hud aliinamisha kichwa. Kile kikombe kilikuwa mkononi mwake bado, na hajakinywa.

"Na Wadhah?" aliuliza Mahrous kwa shida. "Miaka tisa unatwambia Wadhah atarudi. Unatuambia kafichwa."

Bi Amna alimwita kwa mkono. Mahrous akasogea kwa magoti, mtu mzima yule, mpaka mbele yake. Mama akamshika uso.

"Mwaka wa kwanza niliamini. Nisingeamini ningekufa. Kisha siku moja nikakuona unaosha mikono pale nje, unaosha, unaosha, haina uchafu, na wewe unaosha tu. Nikajua. Mwanangu amekufa, na huyu kamwona. Nikajua kwa nini hukunionyesha. Ulinibebea wewe peke yako."

Mahrous alilia. Alilia kama hajawahi kulia, na nadhani hakuwahi. Hamda alimtazama kaka yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alimwona.

"Basi kwa nini hukusema?" aliuliza Hamda. "Kwa nini hukutoka ndani?"

"Kwa sababu yuko aliyefichwa kweli katika nyumba hii, na mchawi wake ni mimi." Bi Amna alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Nimekaa nikaifikiri ile hadithi ya wazee. Mtu yu hai, na watu wake wanaambiwa hayupo. Jina lake linafutwa. Mlango wake unafungwa. Mimi nilimfanyia hivyo mtoto wa watu. Nilituma mtu Sur amtafute, akarudi akasema mama kafa, mtoto kachukuliwa na wajomba, hajulikani wapi. Nikaona haya kuuliza tena. Nikawaacha nyinyi mseme mama anamngoja Wadhah, mama akili zimemruka. Ilikuwa nyepesi kuliko kusema kweli. Lakini nilikuwa nangoja yeye agonge. Nilisema siku akirudi asimkute mtu mwengine wa kumwambia kakosea."

"Na jana ulijuaje?" aliuliza Hamda.

"Jana nilisikia kikohozi kwenye mlango wa wanaume. Amur alikuwa akikohoa hivyo akivua viatu."

*

Wote wakamtazama Hud. Na mimi najua mnataka nini, maana moyo wa msomaji ni mwepesi: mnataka aangue kilio, amkumbatie yule mama, na mambo yaishe.

Hud aliweka kikombe chini. Kimejaa vile vile.

"Niliijua nyumba hii jana langoni," alisema. "Mwalimu aliponililia kule Sur sikujua ni nani. Nilimwonea huruma tu, mtu anamlilia mama yake. Nilipofika hapa nikaona lile jiwe mbele ya lango, la kukalia. Nilikaa pale siku ile, mama yangu akifunga viatu."

"Kwa nini hukuondoka?" aliuliza Mahrous. Hakuuliza kwa ubaya.

"Nilitaka kumwona mtu aliyetwambia tumekosea."

Bi Amna hakukimbiza macho yake.

"Nitakwambia kitu kimoja, halafu basi," alisema Hud. "Mama yangu alikuamini. Hilo ndilo. Hakusema, yule mama mwongo. Alisema, tumekosea, masikini, na tumewasumbua wafiwa. Alikalia eda yake kwa dada yake, chumba kimoja na watoto sita. Eda ilipokwisha tulirudi Ibra. Mara mbili. Tulizunguka mitaa yote tunauliza nyumba ya Amur mwengine. Tulikuwa tunaitafuta nyumba iliyokuwa sawa."

Hamda alijifunika uso kwa mtandio.

"Mpaka anakufa alikuwa akisema, laiti tungegonga mlango wa nyumba iliyofuata."

Bi Amna alinyosha mkono. Ulikuwa mkono wa mgonjwa, umevimba, una alama za sindano.

"Nisamehe, mwanangu."

"Siwezi," alisema Hud. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo ndilo lililouma. "Leo siwezi."

"Haya," alisema Bi Amna. "Haki yako."

Kisha akawageukia wanawe. "Nilichokuwa nakingoja kimekuja na kimejibu. Sasa nipelekeni hospitali."

Aliinuka. Miguu ikakataa.

*

Mahrous alikuwa anatafuta funguo zake sakafuni na hazioni kwa machozi. Hamda alikuwa anakimbilia buibui na karatasi za daktari. Aliyemdaka Bi Amna ni Hud.

Alimbeba. Alimbeba kama mtu anavyobeba mtoto aliyesinzia, mkono chini ya magoti, mkono chini ya mabega, akapita naye lango lile, akalipita lile jiwe. Uso wake ulikuwa mkavu. Lakini garini, nimeambiwa na Hamda mwenyewe, upepo wa kiyoyozi ulikuwa unampiga mama kifuani, na Hud aliyekuwa amekaa mbele alinyosha kidole akaugeuzia dirishani. Hakuna aliyemwomba. Na hakugeuka nyuma kuona kama wamemwona.

Jua lilikuwa linapiga kwenye mitende walipofika.

Daktari alisoma karatasi, akamvuta Hamda pembeni. "Mmechelewa sana, mwalimu. Damu tutaisafisha. Lakini moyo nao umechoka. Huenda ana wiki, huenda ana miezi. Siwezi kukuahidi zaidi."

Hamda alirudi, akamwambia Mahrous. Hawakulaumiana. Walishikana mikono tu, kama zamani walipokuwa wakivuka njia kwenda skuli.

Muuguzi, binti mmoja anaitwa Lamees, alimlaza Bi Amna kwenye kiti kikubwa, akamfunika miguu kwa shuka mbili bila kuambiwa, akamfunga mipira ya mashine mikononi. Mashine ikaanza kuzunguka.

"Wawili tu wakae," alisema Lamees. "Watoto wake. Wengine nje."

Hamda alisimama kulia. Mahrous alikuwa na kiti kushoto. Hud alikuwa mlangoni, tayari amekwisha kugeuka.

Mahrous aliinuka. Yeye yule aliyetaka kumwitia teksi alfajiri. Akakisukuma kiti chake mbele.

"Kaa wewe," alisema. "Mimi nimekaa naye miaka hamsini. Nitasimama nje."

"Gari za Sur zinaondoka saa nne."

"Nitakupeleka mwenyewe, ndugu yangu. Kaa kidogo."

Ndugu yangu. Neno lilimtoka Mahrous kabla hajalifikiri, na hakulirudisha.

Hud alikaa ukingoni mwa kiti. Damu ya Bi Amna ilikuwa inatoka, inapita kwenye mashine, inarudi.

"Kuna jambo sikulisema majlisini," alisema Hud hatimaye. "Sikutaka kulisema mbele ya wote. Lakini daktari nimemsikia."

"Sema."

"Siku ile ulipotufukuza, mama yangu alikuwa na mimba. Miezi minne."

Hamda aliyekuwa anarekebisha shuka alisimamisha mikono.

"Alizaa msichana. Anaitwa Aseel. Ana miaka kumi na saba, yuko Sur kwa mjomba. Amekua anaambiwa baba yake hakuwa na watu. Hajui kama ana dada. Hajui kama ana kaka. Mimi nitamwambia nini? Nikimwambia kweli, atajua kwamba mama yake alikufa akitafuta mlango uliokuwa mbele yake. Aseel si kama mimi. Mimi nilikuamkia. Yeye hatakuamkia."

Bi Amna alifunga macho. Chozi moja lilishuka kuelekea sikioni, na mikono yake ilikuwa imefungwa mipira, hakuweza kulifuta.

Hud alilitazama chozi lile. Akainuka, akalifuta kwa ncha ya kilemba chake. Kisha akaokota simu yake na viatu vyake, akaelekea mlangoni.

"Hud."

Alisimama, mgongo umewaelekea.

Sauti ya Bi Amna ilikuwa ndogo, mashine karibu iimeze.

"Njoo tena. Ukija naye, njoo. Ukija peke yako, njoo. Hata kama ni kuja kunilaumu tu, mwanangu, usiniache. Njoo tena."